Nani Aliandika Hotuba Hii?

Wapenda mageuzi, na hasa ninyi ndugu tukutanao kanisani kila Jumapili, fungueni Matendo ya Mitume mlango wa 24. Kuhani mkuu Anania ateremka Kaisaria kumshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki. Ana wazee pamoja naye, ana cheo, ana mashtaka. Lakini kinywa chake mwenyewe hakukitegemea. Alimleta msemi, mtu aitwaye Tertulo. Naye Tertulo aanzaje? Kwa kumshukuru Feliki kwa amani na mema mengi ambayo taifa limepata chini yake! Feliki yuleyule ambaye, kabla mlango haujafungwa, twamwona akimweka Paulo kifungoni miaka miwili huku akitumaini kupewa fedha. Akiisha kumpaka mtawala mafuta, msemi amgeukia mfungwa na kumwita mfitini. Kisha atoweka katika Maandiko. Hatuambiwi alilipwa kiasi gani, wala hakuna aliyemwuliza.

Nchi yetu ina akina Tertulo wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Kazi yenyewe ni hii. Mwandishi wa hotuba wa kujitegemea hana ofisi, wala jina lake halimo katika daftari la chama. Hulipwa kwa kila hotuba, mara nyingi nusu kwanza, na nusu ya pili huifuata mpaka viatu viishe soli. Mchana yuko Barabara ya Uganda akinywa chai na wasaidizi wa mgombea, usiku aandika. Nimewahi kuandikia wapinzani wawili katika juma moja, nao wakatukanana kwa maneno yangu. Hapa Uasin Gishu hotuba ina njia yake iliyozoeleka: salamu kwa wazee, mstari wa Biblia, bei ya mahindi na mbolea, barabara itakayotiwa lami. Mpaka hapo hakuna dhambi. Mwisho wa hotuba ndipo mteja adaiponi adui.

Mwaka 2007 mgombea mmoja, ambaye simtaji, alinirudishia karatasi akisema maneno ni matamu ila hayana pilipili. Nikatia pilipili. Nikatwaa methali tuijuayo sote, ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, nikaongeza swali: je, mgeni aliyepewa jembe akatwaa na shamba, afanyweje? Sikutaja kabila lolote. Nilijisifu moyoni kwamba hakuna mahakama itakayopata pa kushika. Uwanjani watu walipiga mbinja na kucheka, na mgombea akalirudia swali lile mara tatu.

Kesho yake mama mmoja jirani yangu pale Langas, muuza sukumawiki, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri, aliniuliza, "Mwalimu, ulisikia maneno ya jana?" Nikamjibu kwamba nilisikia. Hilo tu. Kufikia katikati ya Januari 2008 yeye na wanawe walikuwa ndani ya hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, na kanisa la Kiambaa lilikuwa limekwisha kuteketezwa siku ya Mwaka Mpya, na wanawake na watoto waliokimbilia humo wakiwa ndani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Sisemi sentensi yangu iliwasha kiberiti. Nasema ilikuwa miongoni mwa kuni.

Wenzangu wa kazi hii hunijibu, "Ni kazi tu, kama kazi nyingine." Je, ni kweli? Nyumba ikianguka, fundi hutafutwa. Mgonjwa akipewa dawa isiyofaa, mwenye duka huulizwa. Ni nani aliyewahi kumtafuta mwandishi? Mnenaji akishikwa, husema maneno yamekuwa na maana nyingine. Naye aliyeyapanga yuko nyumbani akila chakula cha jioni. Tarehe 8 Januari 2022, papa hapa Eldoret, seneta wa Meru wakati huo, Mithika Linturi, alitamka jukwaani neno "madoadoa", neno ambalo Bonde la Ufa lilikwisha kulijua kwa machozi tangu fujo za miaka ya 1990. Alikamatwa kesho yake, akaomba radhi, akaeleza kwamba hakukusudia kabila lolote. Sijui kama neno lile lilikuwa lake au la kuandikiwa, wala simsingizii mtu. Shabaha yangu ni hii: sheria hutazama kinywa, haitazami kalamu.

Wala msidhani haya ni ya vibarua wa Langas peke yao. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kwamba katika kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017 wao ndio walioandika ilani na hotuba. Chama cha Jubilee kikajibu kwamba kampuni iliyofungamana na hiyo ililipwa kwa kazi ya kutengeneza sura ya chama tu. Nani asema kweli? Mwananchi hana njia ya kujua, kwa maana Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013, ambayo ingalazimisha hesabu kuwekwa wazi, haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala ule wa 2022. Mwaka 2021 Bunge lenyewe lilizikataa kanuni zake. Wabunge hao ndio wateja wetu!

Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliukemea unyang'anyi wa ardhi na udhalimu wa chama kimoja kwa jina lake na kwa uso wake. Waziri Peter Okondo alimtisha hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Askofu akaenda, na tarehe 14 Agosti 1990, akirejea, gari lake likagongana na lori akafa. Okondo naye alijiuzulu, kwa sababu kila mtu alijua maneno yalikuwa ya nani.

Kuna atakayenikumbusha kwamba Haruni alinena kwa ajili ya Musa. Naam, na Israeli yote ilijua kwamba Haruni ndiye anenaye. Hatutaki kazi hii ife. Twataka iwe na jina. Mwaka 2021 makanisa makubwa yaliwafungia wanasiasa mimbari; jambo jema, lakini hotuba inayokatazwa madhabahuni husomwa uwanjani saa nane, na mara nyingine aliyeiandika amepokea ushirika asubuhi. Kwa hiyo katika kila mkutano wa uchaguzi ujao, mgombea akimaliza, simameni mwulize kwa adabu: nani aliandika hotuba hii, na alilipwa kiasi gani?

Mimi nimekwisha kuulizwa. Mama yule wa sukumawiki alirudi Langas, na mwaka jana nikamwendea nikamwambia. Alininyamazia kitambo kirefu, akifunga mafungu yake ya mboga. Kisha akataka kujua nililipwa ngapi. Nikamwambia shilingi elfu sita, na nusu yake sikuiona.