Mtoto kurusha miguu si mchango

Testi zimeisha, leo tuongee ya maana kidogo. Hapa kampasi kuna wenzetu wanasoma huku wananyonyesha, na kila kichanga akirusharusha miguu utasikia, "huyo ana mchango, mfungeni kanga." Jamani! Mtoto wa miezi miwili mitatu kupiga mateke akifurahi, akioga au akimwona mama yake ni kawaida kabisa. Ndiyo mazoezi yake ya kuja kujigeuza na kutambaa. Ukimbana miguu ikiwa imenyooka, unaweza kumharibia nyonga.

Mimi naona cha kuangalia ni kingine. Mguu ukitetemeka, ushike taratibu: ukitulia, mara nyingi hakuna neno. Ukiendelea kuruka kwa mpigo uleule, macho yakageuka, au mguu mmoja hauchezi kabisa, hapo hakuna cha mganga wala kusubiri bibi aje kutoka kijijini. Ni hospitali siku hiyohiyo, maana degedege halitibiwi kwa kanga. Ila huyo anayecheka huku anatupa mateke, mwacheni ajimwage! Haya, narudi kwenye desa.