Tusisingizie Vita: Boti Huzamishwa na Watu

Leo nina neno chungu.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikikaribia bandari ya Kituku. Watu waliokuwa nchi kavu waliiona kwa macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitoa hesabu ya kwanza: watu 278 ndani, 78 wamekufa. Hapo hapo tukaanza kusikia yale ya kila mara: ni mapenzi ya Mungu. Hapana! Mungu hakuipakia boti ile.

Wengine wanasema ni vita. Hiyo ni nusu ya ukweli. Tangu mwanzoni mwa 2024 mapigano ya upande wa Sake yalifunga barabara ya Goma kwenda Minova, na chakula chetu kikabaki na njia moja tu, ziwa. Lakini je, vita ndiyo inayokataza kuandika majina ya abiria? Vita ndiyo inayoficha majile ya kuokolea?

Kwa wanaosingizia vita, nawapa mfano wa meli iliyozaliwa vitani. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alifika kwenye Ziwa Kivu letu na kupanda Nyiragongo. Baadaye Wajerumani waliita meli jina lake. Waliitengeneza kwao mwaka 1913, wakaivunja vipande vipande, wakaileta ndani ya masanduku mpaka Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Iliunganishwa huko na kushushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimewaka. Ilibeba askari na mizigo.

Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalikaribia Kigoma. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine grisi nyingi, ili isioze ndani ya maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Na mwaka 1997, miaka 70 baadaye, HCR iliitumia kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Huenda kati yenu mnaosoma hapa yumo aliyeipanda.

Sasa linganisheni. Wale waliotaka meli yao izame waliiandaa ili siku moja ipone. Sisi tunaotaka boti ifike salama, tunaiandaa izame! Tofauti si vita, maana vita walikuwa nayo pia. Tofauti ni mtu aliyejali kazi yake.

Na tusimlaumu mama aliyepanda na gunia lake la maharagi. Yeye alikuwa na watoto waliosubiri chakula kambini, na barabara ilikuwa imefungwa. Wa kulaumiwa ni aliyepokea faranga zake akijua nafasi imekwisha, na aliyesimama bandarini kwa niaba ya serikali akatazama pembeni.

Tunadai mambo manne. Kila abiria aandikwe jina kabla ya kupanda, ili familia isitafute maiti bila kujua kama ndugu yao alikuwemo. Kila abiria avae jile, si kuliona limefungwa juu ya paa. Boti iliyojaa isiondoke, hata mwenyewe awe mkubwa namna gani. Na uchunguzi wa Merdi usomwe hadharani, kwa Kiswahili, familia zikisikia.

Familia zilizofiwa, poleni sana. Wiki ijayo nitashuka Kituku na daftari langu. Nitahesabu abiria, kisha nitahesabu majile, na hesabu zote mbili mtazisikia redioni.