Taa Nyekundu Isiyolala

Ndugu zetu wa visiwani, sisi wenye duka hapa Kariakoo twaona kila jioni wapangaji wakichangishana fedha za LUKU. Vyumba vinne, mita moja, na ugomvi hauishi. Mwenye pasi hutuhumiwa, mwenye jokofu hutuhumiwa. King'amuzi hakitajwi, ati kimezimwa!

Hakikuzimwa. Kubonyeza rimoti ni kukisinziza tu, nacho chaendelea kula umeme usiku kucha. Vipo vivutavyo wati 10 hata vikisinzia: kwa siku 30 ni yuniti 7 na ushei. Vitatu ni 21. Kwa bei ya TANESCO iliyopitishwa mwaka 2016, mteja mdogo alilipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila ya ziada ilikuwa 350. Basi taa nyekundu zaweza kuivusha nyumba mpaka huo, na pasi ikabeba lawama.

Nanyi mliokaa gizani Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hamhitaji kuambiwa thamani ya umeme. Zimeni swichi ya ukutani kabla ya kulala. Wauzaji hatuwaambii wanunuzi haya, twakiri. Nasi tumeanza na redio ya dukani.