Bunge Lisikalie Uamuzi wa Wananchi

Mwezi wa Machi 2022, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dublin, kile kijulikanacho pia kwa jina la Trinity College, walipiga kura kwa njia ya posta kujaza kiti kimoja katika Seneti ya Ayalandi. Kiti hicho kilikuwa wazi tangu Julai 2021, Ivana Bacik aliposhinda uchaguzi mdogo mwingine na kuhamia Dáil, yaani bunge la chini. Mshindi alikuwa Tom Clonan, mgombea huru na mwanajeshi mstaafu.

Huenda msomaji akauliza: uchaguzi wa wasomi wa ng'ambo unatuhusu nini sisi? Tunajibu kwamba unatuhusu sana, kwa kuwa nyuma ya kiti hicho kimoja kuna kisa cha bunge lililoukalia uamuzi wa wananchi kwa zaidi ya miaka 40.

Seneti ya Ayalandi ina wajumbe 60. Wajumbe 43 huchaguliwa na madiwani pamoja na wabunge, 11 huteuliwa na Waziri Mkuu, na viti 6 vilivyosalia ni vya vyuo vikuu. Katiba ya 1937 iliwapa wahitimu wa Dublin viti 3, na wale wa Chuo Kikuu cha Taifa viti 3. Raia asiyekuwa na shahada ya vyuo hivyo, na asiyekuwa diwani wala mbunge, hakuwa na kura yoyote ya Seneti.

Ni haki kukiri kwamba viti hivyo vimeleta watu wa maana. Mary Robinson alikalia kimoja kuanzia 1969 hadi 1989, akaibua masuala ambayo vyama vikubwa viliyaogopa, kisha akachaguliwa kuwa Rais wa nchi mwaka 1990. David Norris alidumu humo kuanzia 1987 hadi 2024 bila kufungwa na amri ya chama. Clonan naye alijulikana kwa utafiti uliofichua jinsi wanawake walivyodhulumiwa jeshini.

Lakini wema wa waliochaguliwa hauondoi dhuluma ya waliofungiwa nje. Mwaka 1979 wananchi wa Ayalandi waliulizwa katika kura ya maoni kama sheria iweze kuwapa wahitimu wa vyuo vingine haki hiyo. Zaidi ya kura 90 katika kila 100 zilisema ndiyo. Serikali zikaja, serikali zikaenda, na sheria haikutungwa. Wahitimu wa Limerick na wa Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin walilipa kodi na kutii sheria kama wengine, ila siku ya kura hii walikuwa watazamaji. Na ni katika chuo hicho cha Jiji ambamo Clonan alifanya ule utafiti uliompa jina!

Watetezi wa Serikali walidai kwamba marekebisho ya 1979 yaliruhusu tu, hayakulazimisha. Hoja hiyo tunaikataa. Mwananchi hatoki nyumbani kwake kwenda kupiga kura ili uamuzi wake uwekwe kabatini. Mhitimu mmoja wa Limerick, Tomás Heneghan, aliikataa pia, akaenda mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria iliyowabagua wahitimu hao ilikwenda kinyume cha Katiba. Hapo ndipo wabunge walipozinduka: sheria ya mwaka 2024 iliunda eneo moja la uchaguzi lenye viti 6 kwa wahitimu wa taasisi zote za elimu ya juu. Hata hivyo, uchaguzi wa Seneti wa Januari 2025 ulifanywa kwa utaratibu ule ule wa zamani. Naye mwashi asiye na shahada bado hakukumbukwa.

Sisi Wakenya tusiwacheke Waayalandi. Mwaka 2010 tulipitisha Katiba inayosema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilikosa kutunga sheria ya kutimiza jambo hilo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Bunge halikuvunjwa, na wabunge wakamaliza kipindi chao.

Ahadi ni deni, na deni la Katiba mdai wake ni umma. Kwa hivyo twasema: kila marekebisho ya Katiba yawe na tarehe ya mwisho ya kutungiwa sheria, na adhabu ya kuivuka tarehe hiyo itekelezwe bila kumwonea mtu haya. Nanyi wananchi, msidhani kazi imekwisha sanduku la kura likifungwa. Mwulizeni mbunge wenu amefanya nini na uamuzi mliompa. Akinyamaza, mahakama zipo, na uchaguzi mwingine waja.