Madawati si malipo ya haki: funzo la Thika na Ruiru kwetu sisi wa Pwani

Mwezi Juni 2023 nilikuwa Uingereza, mwanafunzi wa biashara ya vyakula, nikihesabu siku za kurudi Mombasa. Asubuhi moja mwanafunzi mwenzangu, Muingereza, akaniuliza: "Thika ni mbali na kwenu?" Nikamwambia ni safari ya usiku mzima kwa basi, kisha nikamuuliza yeye Thika ameisikia wapi. Akanionyesha gazeti.

Gazeti la The Guardian, pamoja na waandishi wa uchunguzi wa Bureau of Investigative Journalism, lilikuwa limechapisha madai ya wanakijiji kwamba walinzi wa shamba la mananasi la Del Monte waliwapiga vibaya, na hata kuwaua, watu walioshukiwa kuiba mananasi. Tesco, ambayo ni miongoni mwa maduka makubwa kabisa nchini humo, ikasimamisha ununuzi wa bidhaa za shamba hilo.

Ndugu msomaji, niliona haya. Thika nimepita mara nyingi. Nilichokijua ni mananasi yanayouzwa kandokando ya barabara, basi. Ilinibidi nivuke bahari ndipo nijue kwamba kuna ugomvi wa miaka mingi kati ya shamba lile na majirani zake.

Darasani tulikuwa tukisoma kuhusu wajibu wa makampuni kwa jamii. Kabla ya hapo nilidhani wajibu huo ni ile picha tuliyoizoea magazetini: meneja amevaa fulana ya kampuni, anakabidhi madawati kumi kwa mwalimu mkuu, watoto wanapiga makofi. Mwalimu wetu alituonyesha mchoro wa mtaalamu wa Marekani, Archie Carroll, alioutoa mwaka 1991. Ni mfano wa piramidi. Chini kabisa ni kampuni kupata faida ili iendelee kuishi. Juu yake ni kutii sheria. Juu tena ni kutenda haki hata pale sheria isiposema. Sadaka iko kileleni, sehemu ndogo kuliko zote. Sisi tumeipindua piramidi hiyo. Tunaanza na sadaka, na mara nyingi tunaishia hapo hapo.

Niliporudi nilimtembelea binamu yangu anayeishi Thika. Nikamuuliza kampuni nzuri kwao ni ipi. "Kaka," akanijibu akicheka, "ni ile inayotoa jezi." Tulicheka sote, lakini jibu lile lilinikaa moyoni.

Tuwe waadilifu. Shamba la Del Monte limeajiri maelfu ya watu, na mananasi yake ya kopo na juisi hupitia bandari yetu ya Mombasa na kuingizia nchi fedha za kigeni. Wizi wa mananasi upo, na mwingine ni wa magenge. Kampuni yoyote ina haki ya kulinda mali yake. Lakini nanasi, hata likiwa la wizi, halina thamani ya uhai wa mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kilichonipa mawazo zaidi ni kwamba habari hii si ngeni. Mwaka 1999 wanaharakati wa Italia walianzisha kampeni ya kususia mananasi ya Del Monte kutokana na malalamiko kuhusu hali ya wafanyakazi wa Thika. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambalo ni shirika lisilo la serikali, ilisimama na wafanyakazi hao. Mwaka 2001 makubaliano yakafikiwa na kampeni ikasitishwa. Haikupita robo karne, jina lile lile likarudi magazetini Ulaya, safari hii kwa madai mazito zaidi. Mwisho wa Desemba 2023 miili ya wanaume wanne ilipatikana mtoni karibu na shamba hilo, na kampuni ikakana kuhusika na vifo hivyo. Baadaye ilibadilisha ulinzi wake na kuukabidhi kwa kampuni ya G4S, baada ya kuagiza tathmini ya haki za binadamu kutoka kwa washauri wa nje.

Jirani yake ni Kakuzi, huko Makuyu, inayojulikana kwa maparachichi. Mwaka 2020 Tesco ilisimamisha ununuzi kutoka huko pia baada ya madai ya ukatili wa walinzi kufikishwa kwa mawakili wa London. Mwaka 2021 Camellia, kampuni ya Uingereza yenye hisa nyingi za Kakuzi, ilikubali mapatano ya hadi pauni milioni 4.6 bila kesi kusikilizwa hadi mwisho.

Ukiziweka habari hizi pamoja utaona mwenendo mmoja. Mabadiliko hayakuja kwa sababu mwananchi wa Thika au Murang'a alilalamika. Alilalamika miaka mingi. Yalikuja pale mnunuzi wa Ulaya aliposema sinunui. Na mnunuzi wa mbali akiacha kutazama, mambo yanaweza kurudi yalikotoka. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililotokea baada ya 2001. Haki inayolindwa na aibu ya dukani London hudumu kwa muda ambao duka lile linaona aibu.

Sasa njoo Ruiru, mwendo mfupi tu kutoka Thika. Hapo ndipo yalipo makao ya Brookside, kampuni ya maziwa inayojulikana nchi nzima. Thika kwenyewe kuna Bidco ya mafuta ya kupikia na viwanda vya unga, juisi na mikate. Simtuhumu yeyote kati ya hawa. Nasema tu kwamba maswali tunayopaswa kuviuliza viwanda vya chakula si kuhusu jezi. Mfugaji analipwa kwa bei gani, na analipwa lini? Kibarua wa kiwandani ana mkataba? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Je, inafuatwa? Na maji machafu yanamwagwa wapi?

Swali hilo la mwisho ni letu kabisa sisi wa Pwani. Mto Ruiru huingia Mto Athi, na Athi ikishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, ikaingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto Thika nao huingia Tana, ikapita Garissa, Hola na Garsen hadi Kipini. Kinachomwagwa Ruiru au Thika kimeelekezwa kwetu. Wavuvi wetu na wakulima wa kando ya Tana ni majirani wa viwanda vile, ingawa hakuna aliyewahi kuwaalika kwenye sherehe ya kukabidhi madawati.

Tena tusinyooshe kidole bara tukasahau nyumbani. Chumvi nayo ni chakula, na nyingi inatoka Magarini, kuanzia Gongoni hadi Kurawa. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifungua uchunguzi wa wazi kuhusu malalamiko dhidi ya makampuni ya chumvi, na mwaka 2006 ikatoa ripoti. Wananchi walieleza jinsi walivyoondolewa kwenye ardhi, mikoko ilivyokatwa na vibarua walivyofanya kazi bila vifaa vya kujikinga. Karibu miaka 20 imepita. Tofauti ya Magarini na Thika ni kwamba hakuna pakiti ya chumvi ya Gongoni iliyowekwa mbele ya mteja wa Tesco ili aone aibu kwa niaba yetu. Mteja wa chumvi ile ni mimi na wewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 20, inasema Sheria ya Haki inawabana watu wote, na kampuni nayo kikatiba ni mtu. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Kenya pia ilipitisha mpango wa taifa kuhusu biashara na haki za binadamu mwaka 2021. Hatupungukiwi na karatasi.

Pili, wawakilishi wetu wa wadi, wazee wa mitaa na makundi ya vijana waache kwenda kwa makampuni na orodha ya maombi pekee. Waende na orodha ya maswali: mikataba ya wafanyakazi, vipimo vya maji, mipaka ya ardhi, na pahali ambapo mwananchi aliyepigwa na mlinzi anaweza kulalamika na akajibiwa. Majibu yasomwe hadharani, barazani na msikitini na kanisani, kila mwaka.

Tatu, wahariri wetu nao, mimi nikiwamo, tuache kuchapisha picha ya madawati kana kwamba ndiyo habari yenyewe. Msemo wetu ni kutoa ni moyo, si utajiri. Ni msemo mzuri kwa sadaka. Lakini ujira wa kibarua, usalama wa jirani na usafi wa mto si sadaka. Hivyo ni deni, na mwenye deni hasubiri makofi akilipa.

Yule mwenzangu Muingereza aliniuliza siku ile kama sisi wenyewe tuliyajua mambo hayo kabla ya gazeti lao. Sikuwa na jibu. Siku akinionyesha gazeti lenye habari za Magarini, nataka niweze kumwambia kwamba tulianza kuuliza kabla yao.