Pipi ni ya nani?

Bumu bado, majaribio ya katikati ya muhula yamepita, kwa hiyo leo siwachoshi na malalamiko ya chuo. Nataka tuongelee pipi. Yaani neno lenyewe, pipi, ambalo kwa Kiingereza ni candy. Candy Crush mnaijua, msijifanye. Nusu ya watu wa viti vya nyuma kwenye lekcha za saa moja asubuhi wako huko huko wakati mwalimu anahangaika na projekta. Gemu lile ni la kampuni inaitwa King, ilianzia Sweden mwaka 2003, na mwaka 2014 ilizua kasheshe ambayo mimi huwa naikumbuka kila nikisikia watu wanabishana kuhusu majina.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili mwaka 2013 King waliomba Marekani wasajiliwe neno "Candy" kama alama yao ya biashara, kwa magemu, nguo na vitu vingine vingi. Sio "Candy Crush Saga", hapana, neno candy peke yake. Mwezi wa kwanza 2014 ofisi ya usajili ya Marekani ikaipitisha ile hatua ya kutangazwa, kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Basi bwana, wacheza magemu duniani kote wakawaka. Mtu atamiliki vipi pipi?

Wakati huo huo ikaibuka la pili, na hili ndilo lililoniuma mimi. Kulikuwa na jamaa watatu wa Austin, Texas, walioacha kazi kwenye kampuni kubwa ya BioWare wakaanzisha ka-studio kao wakakaita Stoic. Mwaka 2012 walipitisha bakuli kwenye Kickstarter wakiomba dola 100,000, wakachangiwa zaidi ya dola 700,000 na watu kama 20,000 hivi. Kwa hela hiyo wakatengeneza The Banner Saga, gemu la Waviking, michoro yake imetulia, kila tukio kama picha ya kuning'iniza ukutani. Likatoka Januari 2014. Lakini tangu Desemba 2013 King walikuwa wameshaweka pingamizi jina lile lisisajiliwe, sababu lina neno "Saga" na wao King magemu yao yanaitwa saga.

Sasa nyie fikirieni. Saga ni neno la watu wa kaskazini huko, Waiceland waliandika masimulizi yao ya mababu miaka ya 1200 na kitu na wakayaita hivyo hivyo, saga. Mtu ametengeneza gemu la Waviking, anasimulia habari za Waviking, halafu anaambiwa na kampuni ya kupanga pipi tatu tatu kwamba neno hilo linachanganya wateja. Ni kama mtu atunge tenzi halafu atokee muuza vocha amwambie neno "utenzi" lina mwenyewe.

King wenyewe walijitetea. Walisema hawana nia ya kuwazuia Stoic kutumia jina lao, wala hawadhani wale jamaa wanawaiga, ila wasipoweka pingamizi kwa huyu watashindwa kumzuia mwingine ambaye kweli anaiga. Niliwahi kuileta hoja hii pale vimbwetani, na kuna dada mmoja wa sheria akanikatisha, "Ticha, hapo wako sahihi kabisa, alama usipoilinda inakufa." Akanieleza vizuri tu, sibishani naye kwenye sheria. Mwenye alama akiacha kila mtu aitumie, siku akienda mahakamani ataulizwa alikuwa wapi siku zote.

Lakini dada yangu, hoja hiyo inaanzia katikati. Kabla ya kulinda kuna kuchagua. Nani alimlazimisha King achague kumiliki neno la kawaida? Ukijenga nyumba barabarani huwezi kuja kulalamika kwamba unalazimika kila siku kufukuza wapita njia. Sheria inakutaka ulinde ulichonacho, haikutumi ukachukue kila kitu.

Na hapa nawapa heko wacheza magemu na wale watengenezaji wadogo, maana kuna sehemu ya kelele zao ilikuwa ya akili sana. Waliitisha kitu wakakiita Candy Jam. Jam, kwa wasiojua, ni watu wanakubaliana kutengeneza magemu kwa siku chache tu juu ya mada moja. Mada ilikuwa pipi, na kila mtu ahakikishe gemu lake limebeba hayo maneno yanayogombewa, candy, saga, na mengine ya namna hiyo. Mwisho wa Januari mpaka mwanzoni mwa Februari 2014 yakapatikana magemu zaidi ya 400. Mengi ya hovyo, tuseme ukweli. Lakini hiyo ndiyo raha yake! Badala ya kuandika kwa herufi kubwa kwamba neno ni la wote, walilitumia mara mia nne mbele ya macho ya mwenye kulidai. Umshtaki nani uwaache nani?

Sehemu nyingine ya kelele siisifii. Kulikuwa na matusi kwa watu wanaofanya kazi pale King, vijana kama sisi waliochora pipi na kuandika programu, ambao hakuna aliyewauliza kuhusu mambo ya wanasheria. Halafu kulikuwa na kule kuelewa nusu nusu, "King wameimiliki lugha, kesho tutalipia kusema candy". Hakuna kitu kama hicho. Alama ya biashara inahusu kuuza bidhaa za aina fulani kwa jina fulani. Bibi yako anaweza kusema candy mpaka usiku wa manane.

Nalisema hili sababu sisi Waswahili nasi tulishawahi kuingia kwenye joto hilo hilo. Desemba 2018, mnakumbuka, ile ya "Hakuna Matata". Disney waliliomba jina hilo Marekani mwaka 1994, mwaka uliotoka The Lion King, wakasajiliwa mwaka 2003 kwa mambo ya fulana. Miaka 15 ikapita hakuna mwenye habari, mpaka Mzimbabwe mmoja akaanzisha kampeni ya sahihi, wakasaini zaidi ya watu 100,000. Wengine wakasema Disney wametukataza kuongea Kiswahili. Hapana, hawakutukataza. Lakini kuumia mimi nakuelewa. Them Mushrooms wa Kenya walishaiimba hakuna matata kwenye "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya Simba na Pumbaa wao.

Na kuna mfano mwingine ambao haukumkera mtu kabisa, Jenga. Lile gemu la vipande vya mbao 54 unavyochomoa kimoja kimoja mnara usianguke. Jina ni la kwetu kabisa, jenga, kama unavyomwambia fundi. Mwenye kulibuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa hapa Tanganyika, akalizindua London mwaka 1983. Na Jenga ni alama iliyosajiliwa. Mbona sijakasirika? Kwa sababu kulichukua neno "jenga" ukaliita gemu moja la mbao hakumzuii fundi yeyote kujenga. Neno limehamishwa mbali na kazi yake ya kawaida. Candy kwa magemu ya pipi, saga kwa gemu la masimulizi ya kale, hapo unamnyang'anya mtu jina la kitu chenyewe anachokiuza. Tofauti ni hiyo, na wengi waliopiga kelele 2014 hawakuigusa. Kwao kusajili neno lolote lilikuwa dhambi. Mimi sioni hivyo.

Ila mtu ambaye habari yake ndiyo inaniondolea usingizi sio wale wa Waviking. Ni Albert Ransom. Huyu alitengeneza peke yake gemu linaitwa CandySwipe, akalitoa mwaka 2010 kwa kumkumbuka marehemu mama yake, na akalisajili jina. Candy Crush Saga imekuja 2012. Kwa hiyo kama ni kuwahi, yeye ndiye aliyewahi. Akawawekea King pingamizi. King wakafanya nini? Wakaenda kununua alama nyingine ya zamani zaidi, "Candy Crusher", ambayo hawakuianzisha wao, kisha wakaitumia kuomba alama ya Ransom ifutwe. Nyie! Umewahi foleni ya kantini, mtu anakuja nyuma yako, ananunua nafasi ya aliyeko mbele yako, halafu anasema wewe ndiye uliyeingilia.

Februari 2014 Ransom akaandika barua ya wazi ya kuwapongeza King, pongezi za kejeli kuanzia juu hadi chini, kwamba mmeshinda, hongereni. Hapo ndipo ule umati uliokuwa unatetea neno ukapata sura ya mtu. Mwezi huo huo King wakaondoa ombi lao la "Candy" kule Marekani (la Ulaya wakabaki nalo). Aprili wakapatana na Ransom na pia na Stoic, kila mmoja akaachwa na gemu lake.

Sasa tukianza kusema "kelele za wacheza magemu ndizo zilizoshinda", mimi naweka breki kidogo. Machi ya mwaka huo King walikuwa wanaingia soko la hisa la New York. Kampuni inayoenda kuuza hisa haitaki kila gazeti liwe linaandika habari za mtu na marehemu mama yake. Kelele zilifika wakati mzuri, tuseme hivyo. Zingepigwa mwaka mmoja kabla, sijui. Na ule mwezi wa Januari bosi wao, Riccardo Zacconi, alikuwa ameshalazimika kukiri kwamba gemu lao moja, Pac-Avoid, halikupaswa kutolewa, maana lilifanana mno na ScamperGhost ya watengenezaji wadogo wengine. Kampuni inayolinda sana majina yake ilikutwa imekaa na desa la mwenzake mkononi! Hapo sisi wanachuo tunaelewana bila maelezo.

Nimeandika yote haya sababu kuna vijana wawili wa kompyuta hapa bwenini wanatengeneza bao la simu. Bao la kete lile lile la wazee, na kweli linacheza, nimeshafungwa mara tatu. Wanabishana waliite jina gani. Mmoja anataka "Bao" tu, waende BRELA wakalisajili kabla mzungu hajaliona. Nilimwambia kaka, ukisajili "Bao" kwa mchezo wa bao umekuwa King wa Kariakoo. Na hata ukikubaliwa, unayemzuia ni kijana mwenzako wa Lamu au Unguja atakayetaka kutengeneza la kwake, mzungu hutamuona. Tafuta jina la pembeni, lenye ujanja wake, lako kweli. Hilo lisajili, lilinde hata kwa meno.

Mwenzake anapendekeza "Namua", ambalo najua watu wa bao mtaanza kucheka kwa sababu nalo ni neno la mchezo ule ule. Ubishi haujaisha mpaka naandika hapa. Mwenye jina zuri awaletee, wapo chumba cha mwisho karibu na bomba, wanapatikana usiku tu umeme ukiwepo. Mimi nakimbilia saikolojia ya elimu, wanaita mahudhurio.