Ngata hupunguza maumivu ya utosi, si uzito wa ndoo

Mama mmoja wa Lisekese, Masasi, ameuliza amsaidieje binti yake wa kidato cha pili katika fizikia, wakati somo linafundishwa kwa Kiingereza na yeye aliishia darasa la saba. Mama, mada mojawapo unaibeba kichwani kila unapotoka bombani.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina maji ya kilo 20. Dunia inayavuta chini kwa kani ya karibu nyutoni 200. Utosi ni wa mviringo na kitako cha ndoo ni bapa, hivyo vinagusana sehemu ndogo tu. Tuseme ni sentimita za mraba 10: kila moja inabeba nyutoni 20. Weka ngata ya khanga, mguso utanuke hadi sentimita za mraba 100, na kila moja inabaki na nyutoni 2. Kani ukiigawa kwa eneo unapata kanieneo. Sindano ya chanjo nayo ni hivyo hivyo: ncha yake ni ndogo mno, ndiyo maana inapenya ngozi bila muuguzi kutumia nguvu.

Hapa sasa ndipo wengi tunapojidanganya. Ngata imepunguza kanieneo, lakini uzito haijaugusa. Zile nyutoni 200 zote zinashukia shingoni. Binti wa kilo 40 aliyejitwika ndoo hiyo amebeba nusu ya uzito wake, na mifupa yake bado inakua. Akilalamika shingo, usimjibu kwamba ngata anayo. Ajaze nusu, arudi tena. Najua kiangazi foleni inavyokuwa, safari ya pili si jambo dogo. Basi kaka zake nao wana vichwa.

Atembee wima pia. Kichwa kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kuvuta zaidi ili mzigo usianguke. (Yale majani ya mti mnayoyaelesha juu ya maji yasimwagike ni fizikia nyingine, tutaifikia.)

Jioni mpe swali: ngata ile ile, ndoo ya lita 10, kanieneo ni kiasi gani? Jibu ni nyutoni 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kisha muulize shingo inabeba ngapi. Akisema 1, mrudishe kwenye daftari, ni 100.